Huduma za biashara: kampuni inayokua inunue zipi nje, na zipi izishike yenyewe?

Mama Sabuni, Mbale

Wandugu, nawasalimu nyote. Ninasimamia shughuli za kila siku za kampuni ya kifamilia hapa Mbale, Uganda, inayotengeneza sabuni ya miche na sabuni ya maji. Wateja wetu ni maduka ya jumla ya hapa mjini, Tororo, Kumi na Soroti, pamoja na shule kadhaa za bweni. Mafuta tunayanunua humu nchini, lakini kostiki soda na manukato huagizwa kutoka nje kupitia Mombasa, kwa kawaida tukishirikiana kontena moja na waagizaji wengine. Mauzo yetu ya mwaka yalipovuka shilingi milioni 150 tulilazimika kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya siku yangu inaishia kwenye ankara, fomu na simu za mawakala, huku kiwanda kikijiendea chenyewe.

Katika familia hatukubaliani la kufanya. Kaka yangu, ambaye ni mkurugenzi mwenzangu, anataka tukabidhi kila kitu kwa watoa huduma wa nje: hesabu, kodi, mishahara, ulinzi, usafirishaji, ugomboaji wa mizigo, hata utafutaji wa masoko, ili sisi tubaki na sabuni tu. Baba mdogo, mwenye hisa nyingi kuliko sisi, anaona kwamba kumlipa mtu wa nje kila mwezi kwa kazi ambayo kijana aliyesoma anaweza kuifanya ofisini ni kutupa fedha. Naona kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini sina kigezo cha kuwaonyesha.

Ninaomba mnisaidie. Ni huduma zipi ambazo kampuni ya kiwango chetu haina budi kuzinunua, ni zipi inaweza kuzifanya yenyewe, na tutajuaje kwamba huduma fulani inarudisha fedha tunazoilipia? Tena, mtoa huduma akikosea, nani anabeba mzigo?

Mhasibu wa Ntinda

Dada, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua hayo mengine. Mbele ya serikali mzigo unabaki kwenu. Mshauri wa kodi anaweza kuandaa ritani, yaani taarifa ya kodi, na kuiwasilisha kwa niaba yenu, lakini namba ya mlipakodi ni ya kampuni, na ikigundulika kwamba takwimu zilipunguzwa au ziliwasilishwa kwa kuchelewa, Mamlaka ya Mapato, URA, itaidai kampuni. Baadaye mnaweza kumdai mshauri kwa mujibu wa mkataba wenu naye, lakini hilo ni jambo kati yenu na yeye. Kwa hiyo kaka yako anaposema mkabidhi kila kitu, mwulize anamaanisha kukabidhi kazi au kukabidhi wajibu, maana la pili haliwezekani.

Sasa kuhusu hesabu. Watu wengi huzungumzia "uhasibu" kana kwamba ni kazi moja, ilhali ndani yake mna kazi tatu ambazo hazifanani. Ya kwanza ni kuandika kila siku kilichouzwa, kilichonunuliwa, kilicholipwa na kilichobaki ghalani. Kazi hii ifanyike hapo kiwandani, na mtu aliye kwenye orodha yenu ya mishahara, kwa sababu inahitaji mtu anayeiona sabuni ikitoka na fedha ikiingia. Hapa baba yako mdogo ana haki kabisa. Ya pili ni kodi: kutafsiri maandishi hayo kuwa ritani sahihi, kufuatilia sheria ambayo Bunge huirekebisha karibu kila mwaka bajeti inapopitishwa, na kuwajibu maofisa wanapouliza. Hii inunueni kwa mtu anayeifanya kila siku kwa kampuni nyingi. Ya tatu ni ukaguzi wa hesabu, ambao lazima ufanywe na mhasibu mwenye cheti cha kufanya kazi kutoka Taasisi ya Wahasibu, ICPAU, na ambaye hakuhusika kuandika vitabu anavyovikagua. Nimeona kampuni zikimlipa mtu mmoja kwa kazi zote tatu ili kuokoa fedha, kisha benki inapoombwa mkopo inauliza maswali ambayo hayana majibu.

Tazama pia jinsi tarehe zinavyorundikana. Ritani ya VAT, kodi ya mishahara ya PAYE, kodi ya zuio na michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, zote zinatakiwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kodi isiyolipwa kwa wakati huvuna riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kwa kampuni ambayo meneja wake ndiye pia msimamizi wa kiwanda, wiki ya pili ya kila mwezi ndiyo wiki ambayo mitambo haina mwangalizi, na gharama hiyo haionekani kwenye kitabu chochote. Anza hapo unapotafuta kigezo: hesabu saa ambazo wewe mwenyewe unazipoteza, kisha jiulize kiwanda kingetoa nini zaidi kama ungekuwepo.

Kigezo kingine ni fedha ambazo tayari ni zenu lakini hamzichukui. Umesema mnauza kwa shule. Taasisi ambayo imeteuliwa kuwa wakala wa zuio hukata asilimia 6 inapolipa zaidi ya shilingi milioni 1, na makato hayo ni malipo ya awali ya kodi yenu ya mapato. Tuseme katika mwaka mmoja taasisi za namna hiyo zimewalipa milioni 40: makato ni milioni 2 na laki 4, na kama hakuna mtu anayefuatilia hati za zuio na kuzilinganisha na ritani, mtailipa kodi hiyo mara ya pili bila kujua. Mshauri mzuri ataifuatilia, na kampuni ikiwa na rekodi safi atawaombea msamaha wa kukatwa zuio, ili fedha ibaki kwenye mzunguko wenu mwaka mzima. Huduma yake ipimwe kwa mambo kama haya.

Neno la mwisho ni EFRIS, mfumo wa URA wa ankara na risiti za kielektroniki. Tangu tarehe 1 Januari 2021 kila aliyesajiliwa kwa VAT anatakiwa kutoa ankara za kielektroniki. Mnakumbuka Aprili 2024, wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka kwa sababu yake. Sitaingia katika mjadala ule, kwani wengi wao walikuwa na hoja ya msingi kwamba elimu ilitolewa kidogo na adhabu ikawa kubwa. Kwenu linalohusika ni hili: mtoa huduma wa nje aliyesajiliwa asipowapa ankara ya kielektroniki, ile VAT ya asilimia 18 mliyomlipa hamwezi kuirudisha, na hata gharama yenyewe inaweza kukataliwa mnapokokotoa kodi ya mapato. Mtoa huduma wa bei nafuu asiyetoa ankara hiyo mara nyingi ndiye ghali kuliko wote. Wenzetu ambao bidhaa zao zimesamehewa VAT, kama wanaouza mazao yasiyosindikwa, wana hesabu tofauti: asilimia 18 ya ada ya mtoa huduma hairudi kwao kwa njia yoyote, ilhali mshahara wa mfanyakazi hauna VAT. Kwao hoja ya baba mdogo ina uzito zaidi.

Mzee wa Walukuba, Jinja

Binti yangu, nimesimamia viwanda hapa Jinja kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nakuomba usiwasikilize wahasibu peke yao. Ndugu wa Ntinda amesema vizuri, ila yeye ni muuzaji wa huduma anayezungumza na mnunuzi.

Kiwanda kimoja nilichofanya kazi kilimlipa mshauri wa mikakati fedha nyingi, akaja na kitabu kizuri chenye rangi, akaeleza yale tuliyomweleza sisi wenyewe wakati wa mahojiano, kisha kitabu kikawekwa kabatini. Huduma za namna hiyo, pamoja na za utafutaji wa masoko ambazo kaka yako anazitaka, kampuni ndogo iziogope. Nani anamjua mwenye duka wa Kumi kuliko yule dereva wenu anayempelekea sabuni kila wiki? Ukimkabidhi mtu wa nje wateja wako, siku mkikosana ataondoka nao.

Kuhusu magari nina mtazamo mwingine. Lori la kampuni linalofanya kazi siku mbili kwa wiki na kulala siku tano bado linadai bima, matairi na mshahara wa dereva. Pimeni safari zenu za mwezi; kama ni chache, kodisheni, na mbaki na gari dogo moja la wateja wa karibu. Ulinzi vilevile: mlinzi wa kampuni iliyosajiliwa na kusimamiwa na polisi anabadilishwa anapougua, ilhali yule mliyemwajiri ninyi wenyewe anawaacha lango wazi.

Kuna huduma moja ambayo sitakuruhusu uifanyie ubahili, nayo ni bima ya fidia kwa wafanyakazi. Kostiki soda inachoma ngozi na macho, na sheria ya fidia inamtaka mwajiri awe na bima. Chukua dalali wa bima aliyesajiliwa, aje aone matangi yenu kabla ya kuandika chochote, kwa sababu fomu iliyojazwa ofisini bila kuona kiwanda ndiyo inayokataliwa siku ya madai. Na mafundi wa kupima shinikizo la bwela, yaani tangi la mvuke, kama mnalo, waiteni wenye idhini. Fundi wenu wa kila siku, hata akiwa hodari kiasi gani, hawezi kujipa cheti.

Wakala wa forodha, Malaba

Mama Sabuni, mimi ninagomboa mizigo hapa mpakani na nitajibu kuhusu kazi yangu tu.

Ugomboaji ni huduma ambayo mnainunua kwa sababu ya leseni. Wakala wa forodha hupewa leseni na URA kwa mwaka mmoja mmoja, hivyo jambo la kwanza kuomba ni leseni ya mwaka huu, na la pili ni kuhakikisha jina lililo kwenye leseni ndilo lililo kwenye ankara mnayolipa. Hapa mpakani wapo vijana wengi wanaojiita mawakala ilhali wanapitisha kazi zao chini ya jina la kampuni nyingine. Mambo yakiharibika, yule mwenye leseni husema hawajui ninyi. Na sheria haiwahurumii: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inambana wakala kwa tamko analotoa, na wakati huohuo inambana mwenye mzigo kwa matendo ya wakala wake. Kwa hiyo alichosema Mhasibu kuhusu kodi kinahusu forodha pia, pengine kwa ukali zaidi.

Watu wengi bado wanadhani kazi yetu ni kusukuma lori livuke Malaba. Tangu mfumo wa Himaya Moja ya Forodha uanze mwaka 2014, tamko la mzigo unaokuja Uganda hufanywa katika mfumo wa URA na kodi hulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, kisha lori husafiri na muhuri wa kielektroniki unaofuatiliwa njiani. Maana yake ni kwamba ucheleweshaji mwingi hausababishwi na foleni ya mpakani. Unaanzia kwenye karatasi, siku ambayo mtengenezaji wa huko nje anaandika ankara yake. Ankara ikisema "kemikali" bila kufafanua, au uzito ukitofautiana na hati ya meli, bandari inaanza kuhesabu ada ya uhifadhi na kampuni ya meli inahesabu gharama ya kontena kwa dola, kila siku. Nitumieni nakala ya ankara kabla mzigo haujapakiwa, nami nitaisoma nione kama ina kasoro. Wakala anayepokea hati baada ya meli kutia nanga amekwisha kuchelewa, na wateja wengi hutupa hati wakati huo kisha wakatulaumu.

Mfano unaowahusu moja kwa moja ni manukato. Michanganyiko ya manukato inayotumika kama malighafi ya viwandani ina kifungu chake katika kitabu cha ushuru, na manukato yaliyo tayari kwa kujipaka yana kifungu kingine. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una viwango vya asilimia 0, 10, 25, na tangu mwaka 2022 kuna cha 35, ambapo malighafi huwa chini na bidhaa zilizokamilika huwa juu. Wakala mzembe akiandika "pafyumu" kwa sababu ndilo neno lililo kwenye katoni, mnaweza kulipa kama wauzaji wa vipodozi. Akiandika kifungu cha chini kisichostahili ili kuwafurahisha, maofisa wa ukaguzi wa baadaye watawafuata hadi Mbale, mzigo ukiwa umekwisha kuwa sabuni na sabuni imekwisha kuuzwa.

Kuhusu kontena la kushirikiana, tambueni kwamba mmoja wenu akiwa na hati mbovu, kontena zima linasimama. Ulizeni mkusanyaji wa mizigo mnasafiri na nani na wameagiza nini. Mkishaanza kuagiza kwa wingi wa kutosha, fanyeni hesabu ya kontena lenu wenyewe hata kama nauli kwa kilo itaonekana kubwa kidogo.

Mama Sabuni, Mbale

Nawashukuru sana, Mzee wetu wa Jinja na ndugu zangu. Nimemsomea baba mdogo, naye ameridhika kwamba mwandishi wa hesabu za kila siku atakuwa wetu, kisha akakubali kwamba ritani na ugomboaji viende nje. Kaka bado anang'ang'ania masoko, lakini tutamalizana naye.

Yamebaki maswali mawili. Kwanza, mshauri mmoja wa kodi ametuambia hatatoza ada ya mwezi, atachukua asilimia ya kodi atakayotuokolea. Je, hilo ni jambo la heri? Pili, katika mkataba wa huduma kama hizi tuandike nini hasa? Hadi leo tumekuwa tukipatana kwa simu na kulipana kwa simu.

Mwanasheria, Mbarara

Dada, malipo ya asilimia ya kodi iliyookolewa yaogopeni. Mtu anayelipwa kwa kupunguza takwimu atazipunguza, atachukua sehemu yake mwaka huu, na ukaguzi ukija miaka miwili baadaye deni, riba na adhabu vitakuwa vyenu peke yenu. Ada ya kila mwezi yenye kazi zilizotajwa ni salama zaidi, na kazi za ziada, kama kuwawakilisha katika pingamizi dhidi ya makadirio ya URA, zipangiwe bei yake mapema.

Katika mkataba, elezeni kazi kwa vitendo na tarehe. "Atashughulikia kodi" ni maneno matupu. Andikeni kwamba atawasilisha ritani ya VAT na ya PAYE kabla ya tarehe 12, ili mbaki na siku za kusahihisha, na kwamba mtampa kumbukumbu zote kabla ya tarehe 5. Kipengele hicho kina pande mbili, kwa sababu watoa huduma wengi hushindwa kwa kuwa mteja hakuwapa karatasi, na mahakama itauliza nani alichelewa kwanza. Kisha andikeni kwamba adhabu inayotokana na uzembe wake atailipa yeye, na kwamba nakala ya kila uthibitisho wa kuwasilisha itatumwa kwa mkurugenzi siku hiyohiyo.

Nywila za akaunti yenu ya URA, ya NSSF na ya EFRIS zisimilikiwe na mtu wa nje. Barua pepe na namba ya simu zilizosajiliwa katika mifumo hiyo ziwe za kampuni, tena za kampuni na si za mfanyakazi mmoja, maana wafanyakazi nao huondoka. Nimeshughulikia mgogoro ambamo mshauri aliyeachishwa alizuia akaunti hadi alipwe ada aliyodai, na kampuni ilikaa bila kutoa ankara wakati wateja wake wakisubiri.

Kama mtampa mtu wa nje kazi ya mishahara, kumbukeni mambo mawili. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchangia NSSF bila kujali idadi ya wafanyakazi, asilimia 10 kutoka kwake na 5 kutoka kwa mfanyakazi, na mwenye wajibu wa kulipa ni mwajiri hata kama fedha zilipitia mikononi mwa mwingine. Pia orodha ya mishahara ina namba za vitambulisho vya taifa, akaunti za benki na mengine ya siri, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawahusu ninyi kama wasimamizi wa data, na mtoa huduma kama mchakataji wake. Wekeni kifungu kinachomkataza kuzitumia kwa jambo lingine lolote.

Kuna huduma moja ndogo ambayo hakuna aliyeitaja hapa. Kampuni inatakiwa kuwasilisha taarifa ya mwaka kwa URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, na tangu sheria ya kampuni ifanyiwe marekebisho mwaka 2022 inatakiwa pia kutunza na kuwasilisha orodha ya wamiliki halisi wanaonufaika. Kampuni za kifamilia husahau hili kwa sababu kila mtu anajua hisa ni za nani, mpaka benki au mwenye zabuni anapoomba taarifa za hivi karibuni na kukuta jina la mzee aliyefariki bado ni mkurugenzi. Kazi hii mwanasheria au katibu wa kampuni wa kukodi huifanya kwa ada ndogo mara moja kwa mwaka, na haihitaji mkataba wa kila mwezi.

Kifungu cha mwisho kiwe cha kuachana. Andikeni taarifa ya siku 30 kwa upande wowote, na kwamba ndani ya siku 14 baada ya mkataba kuisha atarudisha vitabu vyote katika mfumo ambao mhasibu mwingine anaweza kuuendeleza, pamoja na risiti, ankara na hati za zuio, awe anaidai kampuni au hapana. Deni lake alidai kivyake. Kumbukumbu za kodi mnatakiwa kuzitunza kwa miaka 5, na atakayeulizwa ziko wapi ni ninyi.